Nani Anamwaga Kasha

Harufu ndiyo iliyonipokea. Nilifungua mlango wa trela asubuhi ya Jumamosi, blanketi la mama yangu mkononi, nikarudi nyuma kama niliyezabwa kofi. Na nilikuwa nimeahidiwa! Jana yake tu wifi yangu mkubwa aliandika kwenye kundi la familia kwamba trela limesharudi, ni safi, mashuka yamefuliwa, vumbi limefutwa, "safari njema wifi yangu", halafu akaweka maua mawili. Maua! Kama simu ingekuwa inatuma harufu, asingethubutu.

Nikaziba pua kwa mtandio, nikaingia. Trela lenyewe ni dogo: kitanda, sinki, jiko la gesi, na kijibafu ambacho ukiingia lazima ufikirie kwanza utageukia wapi. Nilifungua hicho kijibafu. Kwenye beseni la kuogea yalikuwa yamejaa maji ya kijivu, mafuta juu, na maganda ya vitunguu yanaelea. Anayejua trela ameshaelewa. Maji ya sinki na ya kuoga yote huingia kwenye tangi moja chini ya sakafu, na tangi likijaa, maji hayana pa kwenda, yanarudi juu kwa tundu la bafu. Maana yake watu walipika, wakala, wakaosha vyombo, wakaoga, wakarudi nyumbani wakiimba, na hakuna hata mmoja aliyeinama kufungua koki. Na ukutani, juu ya choo, kile kitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Kitaa hicho kikiwaka ujue kasha la choo limejaa, usiongeze hata kijiko.

Niwaeleze kasha, kwa sababu ugomvi wote uko humo. Choo cha trela hakina shimo. Kina kasha la plastiki lenye mpini, limewekwa chini ya kiti na kutengwa nacho kwa kifuniko cha kuvuta, na linatolewa kwa nje kupitia kimlango kidogo ubavuni mwa trela. Unalivuta kama droo, unalibeba, unalimwaga chooni au kwenye chemba ya maji taka, unalisuuza, unatia dawa kidogo ya bluu, unalirudisha. Likimwagwa kwa wakati, si kazi ya kumtapisha mtu. Nasema hivyo kwa sababu nimeifanya mimi tangu siku ndugu wa mume wangu walipochanga wakalinunua trela lile. Mimi na mume wangu. Wengine walikuwa wanapokezana kusafiri, sisi tulikuwa tunapokea kasha.

Na tulikuwa tunalimwaga kwa siri, kama wezi. Trela hulala uani kwa baba mkwe kwa kuwa yeye ndiye mwenye nafasi, na chemba ya uani iko mbele kabisa ya baraza lake, pale anapokunywa chai na kusoma magazeti. Katika familia ile mambo ya chooni hayatamkwi mbele ya mkwe. Sembuse kupita mbele yake umebeba kasha! Basi mume wangu alikuwa analizungushia shuka kuukuu, tunalipakia kwenye buti la gari, tunakwenda kulimwaga chooni kwetu, tunalirudisha jioni limeoshwa linang'aa. Hatukumwambia mtu. Tuliita heshima. Leo naiita ujinga, lakini wakati ule niliinama nikafuta, nikanyamaza.

Siku hiyo nisingeweza kunyamaza, kwa sababu mama yangu alikuwa ndani ya gari, nje ya geti, amevaa gauni lake la safari tangu alfajiri.

Mama ana shida ya mkojo. Ukimjia, haumsubiri. Aliificha kwa kila mtu isipokuwa mimi, na hata mimi nilijua kwa sababu ndiye niliyekuwa nafua. Watu aliwaambia ana presha. Akialikwa harusini, presha. Akiitwa kanisani, presha. Kaka yake alipofariki, safari ilikuwa ya basi kutwa nzima, na mabasi yanasimama yanapotaka yenyewe. Mama alivaa, akafika hadi stendi, akarudi nyumbani. Kaka akazikwa bila yeye. Ndugu wakasema ana roho ngumu. Alisikia, akasema tu, "Waache, ni presha."

Sasa mdogo wake, mama yangu mdogo, alikuwa anapasuliwa moyo Jumatatu, huko huko mbali. Amebaki huyo mmoja. Miaka imepita hawajaonana, wanaongea kwa simu tu, na daktari hakuficha kwamba upasuaji ule una mawili. Nilipomwambia mama kwamba trela lina choo chake lenyewe, kwamba nitasimamisha gari popote atakapotaka na hakuna mtu atakayemuuliza, akaniuliza, "Kina mlango?" Nikamwambia kina mlango na komeo. Usiku ule ule akapanga nguo zake.

Na sasa kitaa chekundu kinawaka.

Nilizunguka nje nikafungua kile kimlango. Nikavuta mpini. Kasha lilikuwa limejaa hadi shingoni, zito, na kila nikilitikisa lilitema povu la bluu pembeni. Povu! Kubeba kasha la namna ile peke yako ni kujimwagia. Kulipakia kwenye buti kwa siri zetu za zamani ndiyo kabisa haikuwezekana. Lilihitaji watu wawili na chemba ya karibu, na chemba ya karibu ilikuwa hatua chache kutoka miguuni kwa baba mkwe.

Nikampigia mume wangu. Yeye ni fundi wa lifti, alikuwa kikazi mji mwingine.

"Limejaa," nikamwambia. "Yote mawili. Tangi na kasha."

"Aa, jamani," akasema. "Pole. Sikiliza, usiseme kitu mbele ya mzee. Mimi narudi Jumanne, nitalimwaga."

"Mama mdogo anapasuliwa Jumatatu."

"Si muende na gari tu? Mama analipendea nini hilo trela?"

Sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Siri haikuwa yangu. Nilisimama na simu sikioni, na mume wangu, ambaye ni mtu mwema, mwema kabisa, akaongeza, "Tafadhali, usimwaibishe dada." Usimwaibishe dada! Dada kaniachia kinyesi cha wiki nzima na maua mawili, halafu mimi ndiye wa kuangalia nisimwaibishe. Nikakata simu.

Wifi yangu mkubwa tunamwita Spika. Akiwepo, yeye ndiye anayesema kwa niaba ya wote, na asiposema anakohoa kukujulisha kwamba anakaribia kusema. Alikuwa barazani na baba yake wakinywa chai. Nilipokaribia akanyanyua kikombe kwa furaha.

"Wifi! Mbona hamjaondoka? Jua litawakuta njiani."

"Shikamoo baba," nikamsalimu mzee kwanza. Kisha nikasema, "Wifi, naomba tuongee pembeni."

"Ongea tu, hapa ni nyumbani."

"Ni mambo ya trela. Ya nyuma."

Akakunja uso. Mzee akafungua gazeti akalinyanyua juu, kama anavyofanya siku zote neno likielekea kusikoelekezwa. Spika akainuka, tukasogea hadi kwenye trela, akaliona kasha lililotokeza nusu, na povu lake.

"Ehe," akasema. "Limefanyaje?"

"Limejaa, wifi."

"Haliwezi kujaa. Nilitia dawa."

"Dawa ni ya harufu."

"Dawa inakula." Alisema kwa uhakika wote. "Ile ya bluu. Inakula kila kitu. Safari hii niliona kama inachelewa kula, nikatia chupa nzima, na sabuni ya kufulia juu yake kuisaidia."

Nilimtazama. Nilidhani ananitania, maana wifi na wifi ndiyo kazi yao. Hakuwa anatania.

"Wifi, haili. Inanukia tu. Vilivyomo vinabaki vilivyomo."

"Sasa mbona kila nikilichukua trela nalikuta tupu? Mbona na wadogo zangu wanalikuta tupu? Sisi tunatia dawa, tunalirudisha, wiki inayofuata ni tupu. Vinakwenda wapi?"

"Vinakwenda kwangu!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoipanga, na barazani gazeti likatikisika. "Nabeba mimi! Mimi na kaka yako, tunazungushia shuka, tunakwenda kumwaga kwetu! Miaka yote! Ulifikiri ni malaika?"

Spika akalitazama kasha, kisha akageuka kuona kama baba yake amesikia.

Lakini mtu mwenye kauli haishiwi. Alimeza mate, akajikusanya, akaanza kunigeuzia. "Sasa kwa nini hukusema? Mtu unakaa na jambo moyoni miaka yote, halafu unakuja kulitapika mbele ya baba yangu asubuhi asubuhi? Hiyo ndiyo heshima?" Nami nikajibu nilivyojibu. Nilimwambia kwamba mtu mzima mwenye watoto watatu hahitaji kuambiwa kwamba choo hakili. Nikamwambia kuhusu maganda ya vitunguu. Nikamwambia tangi la chini nalo limejaa na koki imezibwa na mafuta yao, na kwamba kama ni hivyo basi wangekuwa wanasafiri na karai.

"Wanangu." Mzee alikuwa ameshusha gazeti. Hakutuangalia, aliangalia ukuta wa jirani. "Mambo hayo hayazungumzwi hapa. Kama safari ni ya kumwona mgonjwa, liacheni trela. Nendeni na gari. Njiani kuna vituo vya mafuta, mtu akitaka kujisaidia atajisaidia."

Akarudisha gazeti. Kesi imekwisha. Spika akanitazama kama mtu aliyeshinda. Nami nikasimama pale nikiwa na jibu kamili, jibu ambalo lingewanyamazisha wote wawili, na sikuweza kulitoa kwa sababu lilikuwa ni la mama yangu, na niliapa. Machozi ya hasira yakaanza kunilengalenga. Sitaki niambiwe ni ya huzuni. Yalikuwa ya hasira.

Ndipo nikasikia mlango wa gari.

Mama aliingia getini taratibu, amejitanda vizuri, pochi kwapani. Kwa kawaida mama hapiti geti lile bila kualikwa. Yeye na baba mkwe ni wakwe hasa, wa kuulizana hali kwa mbali na kuagana kwa mbali zaidi. Mzee alipomwona akasimama haraka, gazeti likaanguka.

"Karibu, mkwe. Karibu ukae."

"Ahsante mkwe, sikai. Nikikaa nitachelewa kusimama." Alishika nguzo ya baraza. Nilimwona anapumua kwa nguvu kama aliyepanda ngazi. "Nimesikia mnataka twende na gari. Gari halinifai. Mimi mkojo hauningoji. Ukisema sasa, ni sasa. Hicho kituo cha mafuta mimi sifiki."

Spika aliinamisha kichwa akaanza kuangalia viatu vyake.

"Sina presha," mama akaendelea. "Daktari aliipima, akasema iko vizuri kuliko yake. Kaka yangu alizikwa sikwenda, kwa sababu hiyo hiyo ninayowaambia. Nilifika stendi nikarudi. Huyu mdogo wangu aliyebaki simwachi. Kwa hiyo mkwe, nisamehe nimelisema hapa kwako. Aibu yangu nimeshaitoa, sina nyingine. Anayeweza kushika kasha, alishike, sisi tuondoke."

Nilitaka ardhi ipasuke, tena si kwa ajili yangu. Mama yangu, ambaye hakuwahi hata kuanika khanga zake za ndani mahali palipo na jirani, amesimama mbele ya mkwewe anataja mkojo. Na nani aliyemfikisha hapo? Dawa inayokula! Nilimgeukia Spika nikiwa tayari kumrarua.

Lakini mzee alikuwa ameshashuka barazani. Alipita katikati yetu, akaingia stoo, akatoka na chuma kile cha kufungulia chemba. Akainama mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, akaingiza chuma pembeni ya mfuniko, akausukuma hadi ukasogea. Kisha akanyooka, akamwambia binti yake, kwa sauti ya chini, "Vaa glavu."

"Baba, mimi—"

"Vaa glavu. Shika upande mmoja."

Tulilivuta kasha pamoja, mimi upande huu, Spika upande ule, tukatembea nalo kwa miguu ya kunyata mbele ya baraza, mbele ya mkwe, mbele ya mama, mchana kweupe. Povu la sabuni yake likafurika, likamwagika juu ya viatu vyake vya ngozi. Sikuomba msamaha. Tulipoliinamisha, likatoa sauti ya kupiga gulu gulu na harufu iliyomfanya Spika ageuze shingo na kukohoa, na safari hii hakuwa anajiandaa kusema.

"Huwa ndivyo hivi?" akauliza, macho yamejaa maji.

"Hapana," nikamwambia. "Kwa kawaida huwa tupo wawili wenye mapenzi mema."

Mama akacheka. Alicheka akashika mdomo, kisha akauliza kwa adabu kama anaweza kutumia choo cha nyumbani, sasa hivi. Mzee akamwelekeza mwenyewe, mlango wa kwanza kushoto, wala hakunyanyua gazeti.

Koki ya tangi la chini ilitupa taabu. Ilibidi tuchemshe maji, tumimine kwenye sinki kuyeyusha mafuta, tuchokoe kwa waya, ndipo mpira ukaanza kutiririsha kuelekea kwenye chemba. Spika ndiye aliyeshika mpira hadi mwisho. Sitasema alinyamaza, alisema njia nzima kwamba wadogo zake lazima waelezwe, kwamba yeye mwenyewe atawaeleza, kwamba haiwezekani watu wazima wawe hivyo. Mtu aliyekuwa anatia sabuni ya kufulia juzi juzi tu! Nilimwacha aseme. Nilimwonyesha kipimo cha dawa kwenye kifuniko cha chupa, nikafuta beseni la bafu, nikafungua madirisha yote, tukaondoka jua likiwa limeshapanda, kama alivyotabiri.

Njiani mama alinisimamisha mara nyingi. Kila mara alikuwa anasema tu "Simama", na mimi nasimama, anakwenda nyuma, anarudi. Ilipofika katikati ya safari aliacha hata kunitazama usoni kwanza. Mimi bado nilikuwa nachemka. Niligombana na Spika peke yangu kwenye usukani, nikagombana na mume wangu, nikagombana na yule mtu wa kwanza duniani aliyesema kuna maneno hayasemwi.

Kesho yake mchana tukafika. Mama mdogo alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, amekonda, begi la hospitali liko mlangoni tayari. Walishikana muda mrefu, wanapapasana migongo tu. Kisha mama mdogo akaliangalia trela.

"Mmekuja na nyumba?"

"Tumekuja na choo," mama akasema. Hivyo hivyo, kavu, mbele ya majirani wawili waliokuwa wanatuangalia kutoka juu ya ukuta. "Mkojo haunisubiri, mdogo wangu. Tangu zamani. Presha sikuwa nayo, nilikuwa nakudanganya kwenye simu."

Mama mdogo alimwachia mikono. Akamtazama vizuri, muda, mpaka nikadhani amekasirika.

"Na mimi," akasema.

"Na wewe nini?"

"Na mimi hivyo hivyo. Unafikiri kwa nini siji kwako?"

"Si magoti?"

"Magoti yangu yana nini? Magoti yangu mazima." Akaanza kulia. "Ungeniambia, dada. Ungeniambia."

"Wewe ungeniambia!"

Nilisimama pale na ufunguo wa gari mkononi, natafuta wa kumpigia kelele, simwoni. Miaka yote ile. Wazee wawili, kila mmoja kajifungia kwake na ndoo yake na uongo wake, wanapigiana simu kupeana pole za maradhi ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Na kesho asubuhi mmoja anapasuliwa.

Mama mdogo alijifuta uso kwa upindo wa nguo. Akauliza kama kile choo kinaruhusiwa kutumika sasa hivi, maana maneno yenyewe yamemharakisha. Nikafungua mlango wa trela, nikaangalia kitaa: hakikuwaka. Nikamshika mkono akapanda. Nikasikia komeo linaingia. Na mama, nje, akaweka mdomo karibu na kidirisha, akamwelekeza mdogo wake kwa sauti iliyofika hadi kwa wale majirani: avute kwanza kile kifuniko cha chini kabla hajakaa, na asiwe na haraka, kasha lina nafasi.